Picha za Kale na Ushuhuda wa Uongo

Ziko picha ambazo kila azitazamaye hupoa moyo. Ni picha za miji, vijiji na pwani za Uingereza zilizopigwa tangu katikati ya karne ya 19. Ndani yake twaona barabara ya mawe isiyo na motokaa hata moja, kanisa la kale na mnara wake, mwenye duka amesimama mlangoni pake na aproni nyeupe, na mashua zimetulia bandarini, huku wavuvi wenye ndevu wameegemea ukuta wakivuta viko vyao. Hazina rangi ila nyeusi na nyeupe, au kahawia kama chai iliyokolea. Zimechapwa katika vitabu, katika kalenda na kadi za posta, na siku hizi zapita katika simu za mkononi kutoka kwa mtu mmoja hata kwa mwingine.

Na karibu kila azitazamaye hutoa hukumu ile ile: “Lo! Watu wa zamani waliishi vizuri. Tazama utulivu ule! Tazama adabu ile! Sisi tumepotea.” Waingereza wenyewe husema hivyo, nasi twaitikia kwa wepesi, maana tuna desturi ya kusema hivyo hivyo juu ya zamani zetu. Cha kale, twasema, ni dhahabu. Leo twataka kuipima hukumu hiyo katika mizani. Je, ni ya haki? Na kama si ya haki, ni nani anayedhulumiwa nayo?

Kwanza tujue picha hizo zimetoka wapi. Nyingi ni kazi ya kampuni ya bwana mmoja aitwaye Francis Frith, aliyezaliwa mwaka 1822. Alikuwa Mkristo wa jamii ya Marafiki, mfanyabiashara wa vyakula mjini Liverpool. Akaiuza biashara yake, akashika kamera. Kati ya mwaka 1856 na 1860 alisafiri mara tatu katika Misri na nchi jirani zake. Aliporudi, alianzisha kampuni katika mji wa Reigate, kusini mwa Uingereza, akajiwekea nia ambayo wengine wangeiita wazimu: kupiga picha kila mji na kila kijiji cha nchi yake. Alifariki mwaka 1898, lakini kazi haikufa naye. Kampuni iliendelea hata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hazina iliyoachwa ina picha za miji na vijiji zaidi ya 7,000.

Ilikuwa kazi kubwa, tena ilikuwa biashara. Reli ilikuwa imefungua nchi. Mtu wa mji wa viwanda aliweza kwenda pwani na kurudi, naye alitaka kurudi na ukumbusho mkononi. Basi mpiga picha alipiga kile ambacho msafiri angependa kukinunua: daraja zuri, gati, uwanja wa soko, nyumba ya kale yenye paa la nyasi. Hatumlaumu. Mwuza mawaridi hauzi miiba. Lakini anunuaye mawaridi asije akasema kwamba mti wake hauna miiba.

Liko na jambo la ufundi, nalo lafaa kulifahamu. Katika miaka ile ya kwanza picha ilishikwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilihitaji kupokea mwanga kwa muda, mara nyingi kwa sekunde kadha wa kadha. Aliyesimama tuli alionekana wazi. Aliyepita upesi hakuacha alama, au aliacha kivuli tu, kama moshi. Ndiyo maana barabara katika picha nyingi za miaka hiyo zaonekana tupu na tulivu. Hazikuwa tupu. Mchukuzi na mzigo wake, mtumishi aliyetumwa sokoni, mtoto aliyekimbilia kazi, wote walipita mbele ya kamera, nayo haikuwashika. Waliobaki ni wale waliokuwa na nafasi ya kusimama. Ule utulivu tunaousifu na kuutamani, kwa sehemu yake si tabia njema ya watu wa kale, bali ni upungufu wa kioo.

Sasa tutwae mfano mmoja, tuutazame kwa makini. Whitby ni bandari katika pwani ya mashariki ya Uingereza, katika jimbo la Yorkshire. Hapo aliishi Frank Meadow Sutcliffe, aliyezaliwa mwaka 1853 na kufariki mwaka 1941. Kazi iliyompatia chakula ilikuwa kupiga picha za wageni waliokuja kupumzika wakati wa kiangazi, lakini moyo wake ulikuwa kwa wavuvi na wakulima wa pande zile. Aliwapiga picha mwaka baada ya mwaka: wazee wakizungumza kando ya mashua, wanawake na vikapu vyao, watoto wakichezea gatini, ukungu umetanda juu ya maji na milingoti yachomoza ndani yake. Hatudhani yuko awezaye kuzitazama asizipende.

Lakini bahari ile ile nzuri, tarehe 9 Februari 1861, Sutcliffe akiwa bado mtoto mdogo, ilichafuka kwa dhoruba kali. Meli zilisukumwa pwani moja baada ya nyingine. Watu wa mashua ya kuokolea walitoka mara tano wakawaleta mabaharia wakiwa hai. Walipotoka mara ya sita, mashua yao ilipinduliwa na mawimbi, karibu na gati, watu wa mji wakitazama wasiweze neno. Walikuwa 13, wakafa 12. Aliyeokoka ni mmoja tu, Henry Freeman, kwa sababu alikuwa amevaa kizibao cha kuelea cha namna mpya, kilichotengenezwa kwa magome yale mepesi yanayofanywa vizibo vya chupa. Freeman hakuiacha kazi hiyo. Baadaye akawa nahodha wa mashua ya kuokolea, akawaponya watu wengi kabla ya kufa kwake mwaka 1904. Iko picha yake akiwa amevaa kizibao hicho. Asiyejua habari huona baharia mwenye ndevu na vazi la ajabu. Ajuaye habari huwaona na wenzake 12 ambao hawamo katika picha.

Na wale wanawake wenye vikapu? Katika pwani ile wanawake na watoto walikwenda miambani, hata siku za baridi kali, wakibandua konokono wa baharini wa kufanyia chambo. Kisha walikaa wakitia chambo katika mamia ya ndoana kabla mashua haijatoka. Mikono yao ilikatwa na mawe na kuchubuliwa na chumvi. Kikapu kinachotupendeza katika picha kilikuwa kizito mgongoni. Usione vyaelea, vimeundwa. Nao waliounda hawakuitwa kuja kusimama mbele ya kamera ili waeleze.

Basi twaja kwenye kiini cha maneno yetu. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Kwa kawaida twadhani kwamba amri hiyo ni ya barazani na mahakamani: nisimsingizie mtu wizi, nisimpake mwenzangu matope. Lakini amri haisemi kwamba jirani ni lazima awe hai. Wala haisemi kwamba uongo ni lazima uwe wa kumharibia mtu sifa. Mtu aliyeteseka, nami nikasimama mbele ya watu nikasema, “Huyu aliishi kwa raha, wala hakuwa na shida,” nimemshuhudia uongo. Nimemnyang'anya taabu yake, ambayo pengine ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Lakini aliye hai asiende kutangaza kwamba kaburini hapana adhabu.

Pengine msomaji atasema: “Wafu hawasikii, tena hao ni wafu wa mbali. Kuna dhara gani tukiwasifia maisha yao?” Dhara liko, nalo lawapata walio hai. Anayeamini kwamba umaskini wa jana ulikuwa mzuri, hatakawia kuamini kwamba umaskini wa leo nao ni mzuri. Ataipita nyumba ya majirani isiyo na maji, aone tu kuta za udongo na moshi wa jioni, aseme, “Hawa wameridhika.” Uongo juu ya maskini waliokufa hutufanya viziwi kwa maskini wanaoishi.

Lakini upande wa pili nako kuna shimo, na wengi hutumbukia humo wakiliepuka lile la kwanza. Mwaka 1866 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kubomoa mitaa michafu katikati ya mji wa Glasgow, huko Uskoti, ambako homa na kipindupindu vilikuwa vimeua watu wengi. Kabla ya kubomoa, waliokabidhiwa kazi hiyo walimwajiri Thomas Annan apige picha za vichochoro vile. Akazipiga kati ya mwaka 1868 na 1871. Ni picha zenye nguvu sana: kuta ndefu zilizokaribiana hata jua halishuki, maji machafu yakitiririka katikati ya njia, nguo zimetundikwa juu kwenye miti, na hapa na pale nyuso za watu, nyingine zimefifia kama mizimu kwa sababu hawakuweza kusimama kimya muda wa kutosha.

Walioagiza picha hizo walitaka kumbukumbu ya majengo. Watu walikuwamo kwa bahati tu. Nyumba zikabomolewa, lakini hazikujengwa mara nyingine za kuwatosha maskini waliotolewa humo. Sasa atazamaye picha hizo leo aweza kusema, “Watu hawa walikuwa wachafu.” Huo nao ni ushuhuda wa uongo. Zile nguo zilizotundikwa juu ya kichochoro zilikuwa zimefuliwa! Mama mmoja alipanda ngazi na ndoo ya maji, akafua, akatafuta upenyo wa hewa asioupata chini, akaanika nguo za wanawe. Katika picha ile ile iliyopigwa kuonyesha uchafu, imeandikwa juhudi ya mtu ya kuwa safi. Aliye na macho na aone.

Twaona basi kwamba picha peke yake haitoshi. Yahitaji neno. Mwaka 1877 John Thomson, mzaliwa wa Edinburgh, pamoja na mwandishi Adolphe Smith, walitoa kitabu cha picha na habari za watu wa barabarani mjini London. Mojawapo ya picha zake maarufu yamwonyesha mwanamke maskini ameketi ngazini, amejifunika shuka, na mtoto mchanga mikononi. Kila aonaye husema: mama na mwanawe. Lakini maandishi yaliyoandamana na picha yatuambia sivyo. Mwanamke yule alikuwa mjane wa fundi wa nguo, asiye na makao. Mtoto hakuwa wake. Alikuwa akimlea mchana kwa ajili ya rafiki aliyepata kazi katika mkahawa, na malipo yake yalikuwa kikombe cha chai na kipande cha mkate. Yeye asiye na nyumba alimshikia mwenzake mtoto ili mwenzake apate kufanya kazi! Lau waandishi wale wasingesimama kumwuliza, tungemhurumia kwa jambo lisilo lake, tusingemheshimu kwa jambo alilolitenda.

Huenda sasa twadhaniwa kuwa watu wa huzuni, tunaotaka kila picha ya kale itiwe machozi. La hasha. Zamani ilikuwa na kicheko, na kukificha kicheko nako ni uongo. Mwaka 1892 mpiga picha Paul Martin alikwenda katika mji wa pwani wa Great Yarmouth akiwa na kamera iliyofanana na kifurushi, ameikumbatia chini ya mkono. Akawapiga watu picha wasijue: wafanyakazi wamelala mchangani, wachumba wamekumbatiana, watoto wakicheza majini. Twaweza kuuliza kama ilikuwa haki kuwanyemelea hivyo, sisi tusingependa. Lakini furaha iliyomo ni ya kweli, maana hakuna aliyejitengeneza kwa ajili ya kamera.

Na furaha hiyo nayo ilikuwa na chanzo chake. Mtu wa kiwandani hakufika ufukweni kwa upepo. Yalihitajika mataruma ya reli yaliyolazwa na mikono ya vibarua. Ilihitajika sheria ya mwaka 1871, iliyoletwa bungeni na John Lubbock, ambayo ilifunga mabenki siku fulani za mwaka, na kazi nyingine nyingi zikafuata. Siku ile mchangani haikuwa desturi ya zamani za kale. Ilikuwa jambo jipya, lililopatikana kwa madai na kwa jasho. Asemaye, “Zamani watu walijua kupumzika,” na akumbuke kwamba kabla ya hapo wengi wao hawakuruhusiwa.

Mtu atauliza: haya ya Uingereza yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa njia iliyonyoka. Yule John Thomson aliyempiga picha mjane wa London, mwaka 1886 aliwekwa na Shirika la Kifalme la Jiografia kuwafundisha wasafiri ufundi wa picha. Wasafiri wa namna hiyo ndio waliochukua kamera kwenda nazo katika nchi za watu wengine, na Afrika ikiwamo. Wengi wa babu na bibi zetu wamo katika picha zilizohifadhiwa Ulaya: mchukuzi asiye na jina, mwanamke wa pwani asiye na jina, mtoto asiye na jina. Hata leo mgeni afikaye katika vijiji vyetu vya wavuvi huipiga picha mashua yenye tanga, akarudi kwao akisema kwamba watu wa huko hawana mashaka, ilhali mwenye mashua hajui atalipaje karo ya mwanawe. Twajua jinsi jambo hilo linavyochoma. Basi tusiwatendee wafu wa Whitby na Glasgow lile ambalo hatupendi kutendewa. Na tujifunze pia hili, kwamba jicho la kamera halikuwaonea watu weusi peke yao. Liliwatazama vivyo hivyo na maskini wa nyumbani kwake.

Twafanyeje, basi? Hatusemi picha za kale zifungiwe sandukuni. Tuzitazame, tuzipende, tuwaonyeshe watoto wetu. Lakini kila tuitazamapo moja, tujiulize maswali matatu. Nani alilipia picha hii, naye alitaka kuonyesha nini? Nani alikuwapo ila haonekani? Na kama huyu aliyemo angeweza kusema, angesema kwamba maisha yake yalikuwa kama tunavyoyaeleza sisi? Maswali hayo hayaharibu uzuri wa picha. Huuongeza, kwa kuwa huturudishia mtu mahali ambapo tulikuwa na pambo tu.

Na tuyaanzie nyumbani kwetu. Katika nyumba nyingi kuna picha ukutani, au albamu chini ya kitanda, au mamia ya picha katika simu. Nani aandikaye majina? Bibi akifa, wajukuu hubaki wakiuliza, “Huyu aliyesimama kushoto ni nani?” wala hapana wa kujibu. Wazazi, chukueni kalamu jioni moja, mkae na wazee, mwandike nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka, na neno moja la kweli: kwamba mwaka ule mvua haikunyesha, kwamba shati alilovaa baba lilikuwa la kuazima, kwamba siku ile tulicheka sana. Nanyi vijana wenye kamera mifukoni, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga picha mtu, hasa maskini na mgonjwa, na mkisha kumpiga mwulizeni jina lake.

Katika picha moja ya Annan twaona mtu aliyefifia, hana uso, ni ukungu tu kando ya ukuta. Hakuwa mzimu. Alikuwa mtu mwenye jina, aliyejongea wakati kioo kikingali wazi, huenda kwa sababu alikuwa akiitwa nyumbani au kazini. Hatuwezi tena kumpa uso wake. Twaweza, hata hivyo, kujizuia tusimvike uso wa uongo.